Nikigawa vikundi, darasa linageuka soko la samaki

BARUA

Asalaam aleikum, Bi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kike na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nasomesha Darasa la Nne katika skuli moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Jina langu naomba ulifiche. Huku kwetu ukitaja mtaa tu, watu washajua mtoto wa nani.

Watoto wangu ni 74. Skuli ina mikondo miwili na mimi niko mkondo wa mchana, kwa hiyo wakinifikia washachoka. Wengine asubuhi walikuwa chuoni wakisoma Kurani, wengine walikuwa pwani kwenye mwani na mama zao, na wapo wanaokuja hawajala. Dawati la watatu wanakaa wanne. Waliokosa dawati wanakaa mbele kwenye jamvi.

Mwaka jana tuliitwa semina ya siku mbili. Tukaambiwa mwalimu anayesimama mbele na kusema na ubao ni mwalimu wa zamani, wa leo ni mwezeshaji. Tukapewa mbinu chungu nzima: bungua bongo, igizo dhima, matembezi ya galari (kazi zinabandikwa ukutani, watoto wanazunguka kuzitazama), kazi za vikundi. Nikarudi na ari yangu. Somo lilikuwa hesabu, mada sehemu. Nikagawa vikundi tisa, kila kikundi nikakipa karatasi ya manila na peni moja ya rangi, nikawaambia wagundue wenyewe namna ya kujumlisha 1/4 na 2/4.

Bi Mwalimu, lilikuwa soko la samaki. Katika kila kikundi mmoja anaandika, waliobaki wanamtazama au wanagombania peni. Wawili walilala. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja mlangoni kuuliza kama kuna mtu ameanguka. Mwisho nikakusanya karatasi: vikundi saba kati ya tisa vimeandika 3/8, kwa tarakimu kubwa, na maua pembeni.

Wiki iliyofuata nikarudi kwenye njia yangu. Nikaeleza, nikafanya mifano ubaoni, wakanakili. Kila nikiuliza "Mmefahamu?" wanaitikia "Ndiyo, mwalimu!" Kimya kitupu. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatabasamu. Bahati mbaya siku ile ile akaingia mkaguzi, akaandika "somo halikuwa shirikishi". Na siku nane baadaye nilipowapa zoezi la sehemu hizo hizo, waliopata walikuwa 29.

Sasa nimekwama. Mkaguzi anataka vikundi. Mwalimu mkuu anataka silabasi imalizike kwa sababu ya mtihani wa taifa. Jirani anataka kimya. Na mimi kwenye andalio la somo, pale penye mbinu, kila siku naandika "majadiliano, vikundi, maswali na majibu", halafu nafanya jengine. Roho inanisuta. Naomba uniambie mbinu ipi ndiyo sahihi, na nitajuaje ya kuchukua kwa somo lipi?

Mwalimu wa Jamvi la Mbele

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile 29. Walimu wengi wangeandika "wengi hawakufahamu" wakapita. Wewe umehesabu, na ulihesabu baada ya siku nane, wakati ndiyo ndiyo zote zishapoa. Kwa mwalimu wa mwaka wa tatu hilo si dogo, na ndilo nitakaloanzia.

Vipindi vyako viwili unavisimulia kama mahasimu, kimoja cha kisasa na kimoja cha zamani. Mimi naviona ndugu wa tumbo moja. Katika cha kwanza hukujua watoto wanafikiri nini mpaka ulipokusanya karatasi. Katika cha pili hukujua mpaka zilipopita siku nane. "Ndiyo, mwalimu" ni adabu, mwanangu, si jibu. Mtoto wa Pemba aliyelelewa akaleleka hawezi kumwambia mwalimu wake "sikufahamu" mbele ya wenzake 73.

Kwa hiyo swali la mbinu ipi ndiyo sahihi naliweka kando kidogo, nakupa mengine mawili ya kujiuliza usiku unapoandika andalio. Kengele ikilia, mtoto wa pale kwenye jamvi awe anaweza kufanya nini ambacho leo hawezi? Na hivi sasa kichwani mwake mna nini kuhusu jambo hilo? Ukishayajibu hayo kwa ukweli, mbinu mara nyingi hujileta yenyewe.

Tazama hiyo 3/8. Watoto wako hawakukosea ovyo. Vikundi saba kukosa namna moja maana yake wana kanuni kichwani: jumlisha vya juu, jumlisha vya chini. Kanuni hiyo imewafaa tangu Darasa la Kwanza, kwamba ukiona alama ya kujumlisha unajumlisha kila unachokiona. Uliwaambia wagundue, na wao wakagundua kile walichonacho. Bongo haibunguliwi kitu kisichomo.

Nikupe mfano wa huko huko kwenu. Ingia darasani uwaambie watoto wabungue bongo kwa nini Pemba ina mikarafuu mingi kuliko Unguja. Watakwambia udongo, watakwambia mvua, mmoja atakwambia watu wa Unguja wavivu, na darasa zima litacheka. Hakuna atakayekutajia kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa wingi wake. Atakitoa wapi? Lakini wasimulie kwanza, dakika saba, kimbunga kile na miti ile. Halafu waulize: ungekuwa na shamba Unguja mwaka ule, ungepanda mikarafuu tena, miti inayokaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, au ungepanda minazi? Hapo utayasikia majadiliano. Ni mbinu ile ile, ila safari hii wana kitu cha kujadili.

Jambo jipya kabisa, khasa la hesabu, linataka mwalimu aoneshe. Wala usione haya. Katika miaka ya 1980 huko Australia, mtafiti John Sweller na wenziwe waliwapa wanafunzi wa aljebra kazi kwa namna mbili: wengine waliachiwa maswali wayapambanue wenyewe, wengine walisoma kwanza mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua, ndipo wakapewa ya kwao. Wa mifano walitumia muda mfupi na wakakosea kidogo. Sababu yake haina maajabu. Kichwa cha mtu kwa wakati mmoja hubeba vitu vichache, na mgeni wa jambo akiachwa atafute njia, mzigo wote unaishia kwenye kutafuta, hapabaki pa kujifunzia. Baadaye ikaonekana pia kwamba mwanafunzi akishakuwa mwenyeji, mifano hiyo humchosha bure. Huyo ndiye wa kumwachia maswali magumu.

Sasa kipindi chako cha sehemu, mimi ningekifanya hivi.

Ningekwenda na pishi na kibaba, vile vipimo vya nafaka. Kama nyumbani hamna, bibi yeyote wa shamba anavyo. Watoto wako wanaijua pishi kuliko wanavyoijua rula, maana msimu wa karafuu mchumaji hulipwa kwa pishi, na jioni wao wenyewe hukaa barazani wakikonyoa, yaani wakizitenga karafuu na makonyo, vijiti vyake. Namwita mtoto mmoja wa jamvini ajaze pishi kwa kibaba, darasa lihesabu kwa sauti. Vinne. Basi kibaba kimoja ni nini ya pishi? Robo. Naandika 1/4. Namwaga, naanza upya: natia kibaba kimoja, natia viwili tena. Vingapi? Vitatu. Naandika 1/4 + 2/4, halafu nanyamaza, naiinua pishi juu waione. "Pishi yetu imekuwa ya vibaba vinane?" Hapo ndipo ile 3/8 inapokufa, na inakufa mbele ya macho yao. Nne ya chini ni jina la kipimo tunachopimia, haijumlishwi, kama vile ukijumlisha embe moja na embe mbili hujumlishi neno "embe".

Kisha ubao. Mfano wa kwanza naufanya wote huku nafikiri kwa sauti, pamoja na kujifanya nataka kukosea. Wa pili nao naufanya wote. Wa tatu naufanya nusu, wao wanaumaliza. Wa nne ni wao, kila mtu daftarini kwake, bila kuangaliana.

Baada ya hapo, wawili wawili. Si wanane! Peni moja kwa watu wanane hufanya mwandishi mmoja na watazamaji saba, hata wangekuwa walimu wakuu watupu. Ile fikiri-jozi-shirikisha unayoiona kwenye makaratasi ya semina ilitoka kwa Mmarekani mmoja, Frank Lyman, mwaka 1981, na uzuri wake ni kwamba hakuna dawati la kuhamisha. Mtoto anamgeukia aliye ubavuni mwake. Ila watu wanalisahau neno la kwanza, "fikiri". Kwanza kila mtu kimya na jibu lake, ndipo amwoneshe mwenziwe. Ukiruka hapo, mwenye sauti kubwa anafikiri kwa niaba ya wawili.

Na ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda za madarasa akakuta walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi kabla ya kujibu wenyewe au kumhamia mwengine. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu darasani ni ndefu kama safari ya jahazi siku haina upepo. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kubonyeza vidole nyuma ya mgongo.

"Mmefahamu?" ifute katika msamiati wako. Badala yake: "Jibu la juu ni ngapi? Oneshani kwa vidole kifuani." Vidole kifuani, si hewani, ili wasinakiliane. Kwa kutupa jicho mara moja unawaona wote 74, na hasa wale wa dawati la nyuma karibu na mlango ambao mwalimu huwa hawaoni kwa wiki nzima. Wakikosa ishirini, hujamaliza. Rudi kwenye pishi.

Kesho yake, kabla hujafungua mada mpya, maswali matatu ya nyuma, bila daftari. Watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima hili mwaka 2006. Waliosoma na kusoma tena walifanya vizuri zaidi wakiulizwa baada ya dakika tano. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, walioongoza ni wale waliosoma mara moja kisha wakajaribiwa kukumbuka. Zile siku zako nane ndizo hizo. Watoto hawakuwa wajinga, hakuna aliyewataka wakumbuke siku ya pili na ya nne.

Hilo la kukumbuka mwalimu wako wa chuo alikuwa analijua bila utafiti. Kumbuka ulivyosoma: alifu kwa kijiti, kila mtoto pale alipofika, na jana lazima uisome mbele yake kabla hajakupa ya leo. Wakubwa wanawasikiliza wadogo, yeye anazunguka. Watu siku hizi wakitaka kuisema vibaya skuli wanasema "imekuwa kama chuoni", na mimi hunikera. Kilichomo mle cha kuchukua ni kusikilizwa mmoja mmoja na kutohama mpaka umeshika. Usichukue kukariri ukakipeleka kwenye sehemu, kwa sababu hapo mtoto atakariri hata 3/8. Lakini kwenye kusoma Kiswahili, kama una watoto ambao bado wanasoma kwa kuunga silabi, wape wakubwa wa Darasa la Sita mara mbili kwa wiki wawasikilize chini ya mwembe. Mwalimu wa darasa lao akikukatalia, mwambie wale wakubwa nao wanafaidika. Ni kweli.

Masomo mengine sitayakalia sana. Sayansi ya mbegu kuota usiieleze hata kidogo kabla ya makopo: kunde zenye maji na zisizo na maji, zilizofunikwa na zilizo kwenye mwanga, na kila mtoto aandike kabla anadhani nini kitatokea. Kule kubahatisha kabla ndiko kunakomfanya atazame. Matembezi ya galari kwenye chumba chako yasahau. Watatembea juu ya vichwa vya wale wa jamvini.

Igizo nalo lina mtego wake. Nilipokuwa kijana kama wewe, katika skuli ya shamba Unguja, nilitunga igizo la malaria. Mbu alishonewa mbawa za kanga, akaruka kutoka dawatini, akaanguka, tukacheka mpaka machozi. Mkuu akanisifu. Baada ya mwezi nikawauliza malaria huambukizwa vipi, wakanisimulia jinsi mbu alivyoanguka. Walikumbuka kile walichokuwa wakikifikiria, na walikuwa wakizifikiria mbawa.

Vikundi vikubwa bado vina siku yao, na siku hiyo ni pale ambapo kazi haiwezi kumalizwa na mmoja. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alilitengeneza hilo mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati skuli zilipoanza kuchanganya watoto weupe na weusi na madarasa yakawa ya uhasama. Kila mtoto alipewa kipande chake cha somo, mwengine hana, kwa hiyo hata anayedharauliwa ilibidi asikilizwe. Kwako ifanye karafuu: mmoja anajua kuchuma, mmoja kukonyoa na kuanika, mmoja makonyo yanafaa nini, mmoja mzigo unavyofika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kupimwa. Wanne, kila mtu kipande chake, na mwisho unamuuliza wa kuchuma habari za kuanika. Ila fanya muhula wa pili, wakishazoea wawili wawili. Ishara ya kunyamaza wafundishe mapema, makofi matatu wajibu mawili, na jirani yako mpitie asubuhi umwambie leo patakuwa na kelele kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Watu huvumilia kelele walizoambiwa.

Mkaguzi, kwa maoni yangu, alikuwa na nusu ya haki. Aliona watoto wanaonakili tu, na hilo kweli si zuri. Lakini kueleza si dhambi, na kushiriki si lazima kuwe na kelele. Mtoto aliyekaa kimya akimaliza mfano wa tatu anashiriki kuliko wale saba waliokuwa wakitazama peni. Basi andalio lako liandike ukweli: "Kuonesha kwa pishi na kibaba, dakika 8. Mifano miwili ubaoni, dakika 7. Kila mtu peke yake, dakika 5. Jozi, dakika 5. Vidole." Akija tena mpe na daftari lako la hesabu, lile lenye 29, na uandike pembeni yake idadi ya mara hii. Sijakutana bado na mkaguzi anayegombana na idadi iliyopanda.

Kuhusu silabasi, mwambie mwalimu mkuu kwa heshima, mkiwa wawili, si kwenye kikao, kwamba mada ya sehemu umeimaliza mara moja na itabidi uimalize tena kwa watoto 45. Atafanya hesabu mwenyewe.

Uliniandikia kwamba wapo wanaokuja hawajala. Hiyo pishi ijaze mchanga wa pwani, mwanangu, usijaze mchele.

Bi Mwalimu